Udongo Mbichi Katika Mwembe wa Bi Hadija

Ujiji, Alhamisi asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Naomba barua hii ikukute umekaa mlangoni unachambua mchele, si kitandani, kwa maana yule mama wa dagaa aliyeniletea habari zako mara ya mwisho alisema mguu umevimba tena. Je, umepungua? Na Bibi mzaa Baba bado anafika jikoni mwenyewe, au mnamshika mkono? Na huko kwetu Rumonge mnalala ndani siku hizi, au bado mnakimbilia kwenye michikichi mkisikia milio ya bunduki? Watu wanaoshuka bandarini Kibirizi kutoka huko, mmoja anasema kumetulia, mwingine anasema nani kakudanganya. Mimi nimeacha kuwauliza. Nasubiri mwandiko wa Odeta tu.

Odeta mdogo wangu, ukimsomea Mama, soma pole pole, na usiruke pale pabaya. Nakujua.

Mimi mzima. Keza mzima, ameota meno mawili chini na ameshajua kazi yake, kiulize kidole changu. Baba yake yuko kwao Mwamgongo na kaka zake kwenye dagaa, atarudi mbalamwezi ikianza. Kambini kwa wakimbizi sikurudi, na karatasi ya kukaa mjini bado sina. Kwa hiyo unaelewa kwamba naishi kwa hisani ya mtu. Nakuandikia hii nikiwa barazani kwa jirani, kwa Mama Rukia, si kwetu, na sababu yake ndiyo barua yenyewe.

Nilikuambia naishi uani kwa bibi mmoja wa hapa Ujiji, Bi Hadija. Ni mjane, Mswahili wa zamani, watoto wake wote wako mbali. Nyumba ni ya matofali ya udongo na bati, na uani kuna miembe mitatu iliyopandwa kabla hata yeye hajazaliwa. Alinipa chumba kwa masharti ya miti. Mimi nafagia majani, nakwangua njia za mchwa kwenye magome, napaka majivu, naweka miti ya kuegemeza matawi yaliyochoka. Nikimaliza, naogesha mwanangu. Kazi hii naipenda, Mama. Miti mizee ni kama wazee, ukishaizoea unajua leo imeamkaje.

Ule mkubwa anauita Babu, kwa sababu babu yake ndiye aliyeupanda. Umeinama kuelekea chumba chake cha kulala, na tawi moja nene kama ng'ombe limepita juu ya bati pale pale kilipo kitanda. Hapa upepo ukitoka upande wa Kongo ukavuka ziwa hauna wa kuuzuia, unafika Ujiji na hasira zote. Kwa hiyo zamani upepo ukianza Bi Hadija alikuwa anaamka, anabeba mto wake, anahamia chumba cha mbele hadi utulie. Hata saa ya mchana. Hilo liweke akilini, Mama.

Huo mti ulikuwa na shimo. Ni hivi. Hapa wana desturi, mwembe ukikataa kuzaa, unatishwa. Mmoja anakuja na panga, mwingine anauombea msamaha. Mwaka jana nilishiriki. Bi Hadija alifunga kanga kiunoni, akaushika mti kifua kwa kifua.

"Leo mwisho wako, mvivu wewe. Unakula ardhi yangu bure." Akaupiga panga, mara mbili, mara tatu, mpaka gome likaruka.

Mimi nikasema kama nilivyofundishwa, "Msamehe, Bibi, mwakani atazaa."

"Hata kusihi hujui, Mrundi wangu. Sihi kama unamwombea mumeo."

Mama Rukia alikuwa ng'ambo ya ua anatwanga, akasema, "Basi na huyo mume mkamchanje, mwezi mzima yuko Mwamgongo."

Tulicheka hata panga likaanguka. Lakini ona, kila mwaka wanachanja pahali pamoja, upande ule unaotazama nyumba, na kabla ya Bi Hadija alichanja mama yake. Kidonda hakikufunga. Kikawa shimo la ukubwa wa sufuria, mkono wangu uliingia hadi kwenye kiwiko na ulitoka na unga mweusi.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha nikaliona shimo hilo nikasema moyoni, maji ya mvua yataingia humu, Babu ataoza. Nikakumbuka nyumba yetu. Nikakumbuka wewe na mimi tukikandika ukuta wa nyuma kwa udongo wa kichuguu, vile unavyoshika kuliko udongo mwingine wote. Nikasema nitauziba mti kama tulivyoziba ukuta. Hakuna aliyenituma, Mama. Nilitaka tu Bi Hadija aone kwamba chumba alichonipa hakikupotea bure.

Nilikwenda njia ya Simbo na ndoo, mtoto mgongoni, nikachimba kichuguu. Wewe ulinifundisha kwamba udongo ule unautandaza juani siku saba, unaugeuza, mpaka mchwa wote wafe au wahame, ndipo unauchanganya. Ulinipiga kofi siku nilipotaka kuuchanganya siku ya tatu. Nakumbuka hilo kofi. Lakini Keza alikuwa na homa, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Kongo, nikaona siku saba mvua itanikuta. Sikuuanika hata siku moja. Kilikuwa kichuguu kilicho hai, Mama. Niliwaona wakitembea, wale weupe wenye vichwa vyekundu, nikawafunika na majivu nikasema watakufa humo. Nikachanganya na nyasi, nikajaza shimo ndoo sita, nikalainisha kwa kiganja hadi likawa zuri kama ukuta wa bibi arusi.

Bi Hadija alipoliona alipapasa pale muda mrefu. Halafu akaita majirani. "Njooni mwone, Mrundi wangu ameniponyea Babu." Kila aliyekuja kumsalimia alipelekwa uani. Mimi nikaona haya, lakini haya tamu.

Na tangu siku hiyo upepo ukija hakuhama tena. Alilala palepale. "Babu amezibwa, ana nguvu kuliko mimi," alisema.

Sasa mti ukazaa. Mwaka huu umezaa mpaka watu wanasimama njiani kutazama, matawi yameinama kwa maembe kama mtu aliyebeba maji mikono yote miwili. Wakampongeza Bi Hadija kwa panga na mimi kwa udongo. Mimi nilikuwa siupendi uzazi ule. Mvua ya kwanza ilipopita, niliona ufa kwenye udongo wangu, mwembamba kama uzi. Siku ya pili chini yake kulikuwa na vumbi jeupe la mti, kidogo, kama mtu aliyemwaga unga akipita. Nikalifagia. Asubuhi likawepo tena. Nikalifagia kabla Bi Hadija hajatoka kuswali. Halafu uyoga ukaota kwenye mizizi, upande wa ziwa, mweupe umepangana kama masikio. Nikaung'oa nikautupa chooni.

Unaona nilichokuwa nafanya, Mama. Nilikuwa nafagia ushahidi.

Wiki iliyopita upepo wa kwanza mkubwa uliangusha mwembe mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Uliangukia jiko. Wenyewe walikuwa msibani, hakuna aliyeumia, kuku tu. Nilikwenda kutazama na watu wengine. Shina lilikuwa limepasuka, na ndani hakukuwa na mti. Kulikuwa na udongo wa mchwa umejaa kuanzia chini hadi juu, mwekundu, umejengwa vizuri vyumba kwa vyumba. Watu wakasema loo, mti huu ulikuwa umesimama kwa gome. Mimi nikakaa chini. Mama Rukia akaniuliza, "Vipi, mimba nyingine?" Nikasema njaa.

Nilitaka kusema siku ile. Nilifika mpaka mlangoni kwa Bi Hadija. Lakini nikawaza, akinifukuza naenda wapi na mtoto, na baba yake yuko majini. Nikawaza maneno ya watu, Mrundi katendewa mema kaua mti wa watu. Nikawaza na yule bwana balozi wa nyumba kumi, ambaye hajawahi kuniuliza karatasi kwa sababu tu anamheshimu Bi Hadija. Nikageuka.

Nilichofanya ni kumwita fundi Saidi, yule wa msumeno anayepunguza miti ya mtaa huu kabla ya mvua. Nilimwambia Bi Hadija kwamba mzigo wa maembe ni mkubwa, apunguziwe Babu matawi. Akakubali, akasema Mrundi wangu ana akili. Fundi akaja juzi, akauzunguka mti, akagonga kwa kisogo cha shoka. Akafika kwenye udongo wangu.

"Nani aliziba hapa?"

"Huyu," akasema Bi Hadija, kama anamwonyesha bibi arusi.

Fundi akaniangalia. "Uliweka nini?"

"Udongo wa kichuguu."

"Uliukausha?"

Bi Hadija alikuwa amesimama pembeni yangu, mkono wake uko begani kwangu. Nikasema, "Niliukausha."

Neno moja tu, Mama. Kama ningesema hapana, angelifungua shimo angeona. Badala yake akasema basi, kama ni mkavu hapa pako salama, tatizo ni matawi. Akapanda akaanza na matawi ya upande wa ziwa, kwa sababu yale yanaanguka njiani na hayahitaji kamba. Akayakata yote. Ya upande wa nyumba alisema atayashusha kwa kamba kesho yake. Akaenda zake. Mimi nikautazama mti nikaona kitu ambacho hata mtoto angekiona. Mzigo wote sasa ulikuwa umebaki juu ya kitanda cha Bi Hadija.

Hiyo kesho yake ndiyo jana. Fundi hakuja asubuhi, alikuwa na kazi Kigoma mjini. Baada ya adhuhuri Kongo ikapotea. Milima haikuonekana, ziwa likawa la rangi ya risasi, na upepo ukaja kwanza chini chini, ukizungusha majani uani. Kisha ukapanda. Niliusikia mti ukitoa sauti, si ya matawi, ni ya ndani, kama mtu anayekunja shingo yake. Ufa kwenye udongo wangu ulifunguka na kufunga, ukafunguka na kufunga.

Nikamfunga Keza mgongoni nikaingia ndani. Bi Hadija amejilaza kitandani, tasbihi mkononi, juu yake bati linapigwa na maembe, pu, pu, pu.

"Bibi, amka twende kwa Mama Rukia."

"Nenda wewe. Mimi napumzika."

"Bibi, mti si mzima."

"Mti nimeukuta, utanizika. Na umezibwa. Wewe mwenyewe umeziba kwa mikono yako."

"Ndiyo maana nakuambia."

Akafumbua macho. Nikamwambia. Nilimwambia nimesimama mlangoni, kwa sauti kubwa kwa sababu ya bati. Udongo ulikuwa mbichi. Mchwa walikuwemo, niliwaona. Vumbi nimekuwa nalifagia kabla hujatoka. Uyoga nimetupa. Fundi nilimdanganya mbele yako, mkono wako ukiwa begani kwangu. Nikasema, ndani ya Babu hakuna kitu, Bibi, ni mimi niliyekufanya uamini kwamba kipo.

Alinitazama kama mtu anayetafuta jina la mtu. Nikadhani hatatoka, atakaa pale kwa hasira. Nikaingia, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Ukikaa na mimi nakaa."

"Na huyo mgongoni?"

Naapa sikupanga kumtumia mwanangu. Sijui hata kama ningekaa kweli, nadhani ningekimbia. Lakini Bi Hadija aliinuka. Alisema maneno ya kunitukana ambayo sitayaandika kwa kuwa Odeta ndiye anayesoma, akachukua kanga yake ya swala, akanisukuma mbele yake mpaka nje.

Tulikuwa tunaingia hapa kwa Mama Rukia tuliposikia mlio. Mti haukuanguka. Mizizi ya upande wa ziwa iliinuka na ardhi yake, na mti mzima ukakaa juu ya nyumba taratibu, kama mzee anayejishusha kwenye kiti. Tawi lile nene limeingia kwenye bati la chumba chake. Kitanda hakionekani. Halafu upepo ukaacha, ghafla, na maembe yakaendelea kudondoka peke yake.

Kwa hiyo hivi ndivyo tulivyo. Mti haujasimama wala haujalala. Umeegemea, na kila ukuta unalia. Fundi Saidi amekuja leo alfajiri akalifungua shimo kwa patasi. Alitoa udongo wangu bado una maji. Akasema mchwa huenda walikuwemo tangu zamani, hawezi kujua, lakini udongo mbichi umekaa humo kama kitambaa cha maji juu ya kidonda, umeharakisha. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniambia, ningeanzia upande mwingine." Hatapanda. Anatafuta watu na kamba ndefu wauvute kwa nyuma Jumamosi, kama upepo utaruhusu. Kibanda changu cha uani kiko chini ya matawi, vitu vyetu vyote vimo, hata ile kanga uliyonipa nikivuka. Hakuna anayeruhusiwa kuingia.

Bi Hadija hajasema na mimi tangu jana. Nikimpelekea uji hapokei. Mama Rukia akiuchukua mkononi kwangu akampa, anakunywa. Uji ule ule. Mama Rukia amenikonyeza, lakini mimi sikucheka.

Asubuhi hii bwana balozi alikuja kuangalia uharibifu. Akauzunguka mti na daftari lake, halafu akaja barazani, akaniangalia mimi na Keza.

"Nasikia mti umeharibiwa na mtu. Huyu ni wa wapi? Ana karatasi?"

Mama Rukia akaanza kusema kitu, lakini Bi Hadija alimkatiza bila kugeuza kichwa.

"Anayekaa kwangu nitamfukuza mwenyewe nikitaka. Wewe umekuja kuangalia mti, angalia mti."

Balozi akafunga daftari. Akasema, "Sawa, Bibi, nitarudi Jumamosi." Na mimi sijui Jumamosi atarudi kwa ajili ya mti au kwa ajili yangu.

Mama, usiogope. Nimeshapanga. Bi Hadija akinifukuza, nitapanda mtumbwi nimfuate Baba Keza Mwamgongo, mama yake ni mkali lakini ana nyumba. Akiniacha, nitamjengea tena kwa udongo niliouanika siku saba, nitahesabu kwa vidole. Na vita vikitulia huko, nitakuletea mjukuu wako akuume na wewe. Naamini nitakuletea.

Nisalimie Bibi mzaa Baba, mwambie Keza ana masikio yake. Nisalimie Mjomba anayekamua mawese, na mkewe, na yule jirani yetu aliyetuficha ghalani kwake. Mwalimu aliyenifundisha kuandika, kama yupo hai, mwambieni nashukuru. Odeta, wewe nakubusu, kasome.

Nilikuwa nimemaliza hapo. Lakini Bi Hadija amekuwa akiitazama kalamu yangu muda wote, na sasa hivi ameniuliza, neno lake la kwanza kwangu.

"Unamwandikia nani?"

"Mama yangu, Bibi."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Na uongo uliomwambia fundi?"

"Na huo."

Akavuta tasbihi. Upepo umeanza tena, Mama, ule wa chini chini, na bati la nyumba yetu linasikika mpaka huku. Kisha akasema, "Mwandikie hivi, na uandike kama ninavyosema. Mwanao alinidanganya. Mwanao alinitoa ndani. Yote mawili uandike, usichague."

Nimeandika yote mawili. Amenyoosha mikono, anataka nimpe Keza amshike, kwa sababu upepo unazidi. Nafunga barua nimpe.

Ni mimi mwanao unayemjua,
Jeneroza, mama Keza